Kifaransa cha Mwaka wa Pili: Tunakanywa Makosa Ambayo Si Yetu

Kuna jambo dogo linalokera kila ukifungua kitabu cha Kifaransa cha mwaka wa pili wanachotumia wanafunzi wa sekondari huku Marekani. Unafika kwenye sura ya viwakilishi, na hapo mwendo unakuwa wa kinyonga. Ukurasa kwa ukurasa, zoezi baada ya zoezi, mtoto anabembelezwa akubali jambo moja tu: kwamba Mfaransa akitaka kusema "ninamwona", lile neno la anayeonwa hukaa kabla ya kitenzi. "Je le vois." Mtoto wa huku anaandika "je vois le", anasahihishwa, anarudia, anakosea tena. Wiki zinapita.

Sasa itamke hiyo "ninamwona" polepole. Ni-na-mw-ona. Hiyo -mw- imekaa wapi? Kwetu mtoto wa miaka minne anaiweka mahali pake bila kuelekezwa na mtu. Halafu mtoto huyohuyo akifika sekondari nyumbani Afrika Mashariki anapewa kitabu kilekile, au ndugu yake wa tumbo moja, anaelezwa kwa Kiingereza kwamba hapa pana ugumu mkubwa, na kwa kuwa mwalimu amesema pana ugumu, anaanza kuuona. Hilo ndilo linaloniudhi.

Najua mtakachosema. Kapanda ndege juzi, leo anatuletea usomi. Hapana, jamani. Sisemi huku ni bora na nyumbani ni duni. Ninachosema kinaelekea upande wa pili kabisa: katika somo hili watoto wetu wanaingia darasani na mtaji ambao watoto wa huku hawana, na sisi wenyewe tunauacha mlangoni.

Tuwape wa huku haki yao. Mwalimu wao anaanzia kwenye lugha ya mwanafunzi. Kitabu kimetungwa na watu wanaojua mtoto anayezungumza Kiingereza atajikwaa wapi, wakatundika taa palepale shimo lilipo. Sisi tumeziazima taa hizo, tukazitundika kwenye barabara yetu mahali pasipo na shimo lolote, na mashimo yetu yamebaki gizani. Hata vitabu vinavyotoka Ufaransa kwenyewe haviponyi hili, kwa sababu huandikiwa mgeni yeyote kutoka popote, na mwandishi wake hawezi kukisia kwamba msomaji ana ngeli kichwani.

Chukua vimilikishi. Mwanafunzi wa huku anateseka na "son" na "sa" kwa sababu Kiingereza kimemzoesha kuuliza mwenye kitu ni mwanamume au mwanamke. Mfaransa haulizi hivyo. Anaangalia kinachomilikiwa: "son livre", "sa maison", awe mwenyewe ni baba au mama. Sisi je? Kitabu chake. Nyumba yake. Ch- na y- zinafuata kitabu na nyumba, na -ake haijali jinsia ya mwenye mali. Ni kanuni ileile, neno kwa neno. Yanabaki mawili tu ya kufundisha: jinsia ya kila nomino, na ule mgeuko mbele ya irabu, ambapo nomino ya kike kama "amie" inachukua "mon", "ton", "son" ili ulimi usikwame. Dakika kumi zinatosha.

Au vivumishi. "Un livre rouge", kitabu chekundu: nomino mbele, sifa nyuma, na sifa inabadilika kufuata nomino. Mtoto wetu hahitaji kushawishiwa kwamba sifa hubadilika. Anachohitaji ni orodha fupi ya zile zinazotangulia nomino, kama "petit", "grand", "bon", "mauvais", "beau", "joli", "jeune", "vieux", "nouveau" na "gros", kwa sababu hapo ndipo Kiswahili kitamdanganya aandike "une maison petite". Kitabu cha kuazima hakilipi kosa hili uzito, maana Kiingereza huweka sifa zote mbele na msomaji wake hatishiki na hizi.

Hata ukanushi unafanana. "Simwoni": si- imekaa mwanzoni, na -a ya mwisho imegeuka -i. Kitenzi kimebanwa pande mbili. "Je ne le vois pas." Kimebanwa pande mbili. Mwalimu akiliandika hili ubaoni mara moja, darasa zima linacheka kwa furaha ya kulitambua.

Hizo ndizo sehemu tunazopotezea muda. Mashimo yetu halisi ni haya.

La kwanza ni "je l'ai vu". Mwanafunzi wetu, akiwa tayari ameshika "je le vois", anafika kwenye wakati uliopita na ghafla anaandika "j'ai le vu". Mwalimu anadhani amesahau kanuni. Hajasahau, amefuata ni-li-mw-ona: nafsi, kisha wakati, kisha anayeonwa, kisha kitenzi. Mfaransa anapanga je-l'-ai-vu: nafsi, anayeonwa, kisha kitenzi kisaidizi kinachobeba wakati. Viambishi viwili vya katikati vimebadilishana viti. Ukimwambia hivyo tu, "-li- na -mw- zinabadilishana viti", kosa linapungua siku hiyohiyo. Ukimwambia kwa Kiingereza kwamba kiwakilishi hutangulia kitenzi, anakuangalia kwa mshangao, kwa sababu kwenye "j'ai le vu" tayari kimetangulia "vu". Palepale ongeza ukanushi: "je ne l'ai pas vu", ambapo "pas" inakibana kitenzi kisaidizi, haiendi mwisho wa sentensi.

Penye vitenzi viwili hakuna tatizo. "Nataka kumwona", "je veux le voir". Ku-mw-ona na "le voir" ni kitu kimoja.

Amri ndiyo yenye mtego, na ni upande mmoja tu. "Usimwangalie" inalingana na "ne le regarde pas". Lakini "mwangalie" inageuka "regarde-le", kiwakilishi kinarukia nyuma na kuunganishwa kwa kistari. Mtoto wa huku hapo anapumua, maana ndivyo lugha yake inavyosema. Wetu ndiye anayekosea, na kitabu kimenyamaza.

La pili, ambalo ndilo zito kuliko yote, ni "le" na "lui". Kiswahili hakitenganishi: nilimwona, nilimpa, zote -m-. Kwa hiyo tunapata "je l'ai donné un livre" badala ya "je lui ai donné un livre". Hapa ndipo walimu wa Kifaransa na wa Kiswahili wangepaswa kukaa meza moja, kwa sababu chumba cha pili mwanafunzi huyohuyo anafundishwa shamirisho kipozi (kinachotendwa moja kwa moja, kama anayeonwa) na shamirisho kitondo (anayetendewa, kama anayepewa) na anapata alama zake vizuri. Kipozi ni "le, la, les". Kitondo ni "lui, leur". Somo tayari limefundishwa, limefungiwa tu kwenye daftari jingine!

Na kuna njia ya mkato ambayo haimo katika kitabu chochote cha kuazima. Kauli ya kutendea. Ukiona kitenzi cha Kiswahili kimevaa -ia au -ea kwa ajili ya mtu, shuku "lui" kwanza. Nilimwandikia: "je lui ai écrit". Nilimpigia simu: "je lui ai téléphoné". Nilimletea: "je lui ai apporté". Nilimnunulia kitabu: "je lui ai acheté un livre". Kumpa ni ndugu yao. Si kanuni ya chuma. Kumsaidia ni "aider", nayo inataka "le": "je l'ai aidé". Kumngojea ni "attendre", vilevile "le". Kumwangalia pia, kwa sababu hiyo -ia si ya kutendea. Upande wa pili, kumjibu na kumuuliza havina -ia lakini vinadai "lui", kwa kuwa ni "répondre à" na "demander à". Vighairi vinavyokutana na mwanafunzi wa mwaka wa pili vinaenea nusu ukurasa, na nusu ukurasa unakaririka.

La tatu ni wakati uliopita wenye sura mbili. Huku kuutenganisha ule wa tukio na ule wa hali ni mateso ya muhula mzima. Sisi tuna "alikuwa akisoma nilipoingia", nayo ni "il lisait quand je suis entré", bila jasho. Tuna zawadi nyingine kubwa zaidi, -ka- ya masimulizi. "Akaingia, akaketi, akafungua kitabu." Popote -ka- hiyo inapoweza kukaa, Kifaransa cha mazungumzo kinataka wakati wa tukio: "il est entré, il s'est assis, il a ouvert le livre". Shimo letu liko kwenye -li- ya vitenzi vya hali: alikuwa, alikuwa na, alijua, alitaka. Kwa kuwa ina -li- kama "aliingia", mwanafunzi anaandika "il a été", "il a su", "il a voulu" kila mahali. Mwambie ajaribu kuweka -ka-. "Nyumba ikawa kubwa" haimaanishi tena "nyumba ilikuwa kubwa", basi ni "la maison était grande".

Lipo la nne ambalo mtaniona nimezidisha, lakini litazameni. "Les lettres que j'ai écrites." Ile -es mwishoni imewatoa machozi watoto wa Kifaransa wenyewe. Kwa nini kitenzi kinapatana na kitu? Kwa sababu kitu kimetangulia. "J'ai écrit des lettres", hakuna upatanisho. Sasa sema kwa Kiswahili: niliandika barua. Barua nilizoandika. Barua zilipotangulia, kitenzi kikavaa -zo-. Mlichokiona hapo hakina mfano katika Kiingereza, ndiyo maana kikielezwa kwa Kiingereza kinaonekana uchawi.

Mmoja atasema: ukiruhusu Kiswahili darasani, Kifaransa watajifunza saa ngapi? Ndugu yangu, darasa hilo tayari lina lugha nyingine isiyo Kifaransa, nayo inachukua nafasi kubwa. Sitaki iongezwe ya tatu. Nataka dakika tano za maelezo zitoke katika lugha inayofanana na kinachoelezwa, na dakika zilizobaki ziwe za Kifaransa kitupu.

Mwingine, na huyu ana hoja, atasema si kila mtoto nyumbani amelelewa kwa Kiswahili. Kweli. Anayetoka kwenye Kikuyu, Kisukuma au Kihaya ana ngeli na viambishi vilevile, hivyo mlango uko wazi. Anayetoka kwenye Dholuo hana ngeli hizi za nyumbani, kwa hiyo mifano ya Kiswahili itamfaa kama lugha aliyoisoma. Bado iko karibu na Kifaransa katika mambo haya kuliko Kiingereza kilivyo.

Na kwa anayesema haijawahi kufanyika, tupa macho magharibi. Kongo, Kifaransa ndiyo lugha rasmi na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa. Lubumbashi, Bukavu, Goma: watu wanavuka kutoka lugha moja hadi nyingine mara kumi kabla ya jua kutua, na hakuna Kiingereza katikati kikiwasindikiza. Majirani zetu wanaishi juu ya daraja hili. Sisi tunazunguka mto mzima.

Kuna jambo ambalo huku wametuzidi, na nitalisema waziwazi. Wanaanza na sikio. Sisi tunaanza na ubao, na kwa mtu aliyezoea Kiswahili, ambacho kila herufi inatamkwa, huo ni msiba. Anaona "ils parlent" anasoma "parlenti". Anaona "table" anaongeza irabu. Anaweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali Kifaransa huuweka mwishoni. "Tu" na "tout" zinakuwa neno moja. Dawa ipo: wasikie sentensi mara tatu kabla hawajaiona ikiandikwa, kisha waandikishwe imla ya "parle, parles, parlent" wagundue wenyewe kwamba zote zina sauti moja. Kwa "u", midomo iviringwe kama anataka kusema u yetu, ulimi ubaki mahali pa i. Katika mtihani wa DELF A2, ule wa cheti cha Kifaransa kwa wageni katika ngazi ya pili, kusikiliza na kuzungumza kuna alama 25 kila kimoja kati ya 100, na anayepata chini ya 5 katika sehemu yoyote hafaulu, hata kama sarufi yake imenyooka.

"Vifaa hatuna." Kwa haya niliyoyasema, ubao unatosha. Gawa safu mbili. Kushoto andika ninamwona, simwoni, nataka kumwona, nilimwona, mwangalie. Kulia iwe Kifaransa, na wanafunzi wapige mstari chini ya anayeonwa pande zote mbili. Tatu za kwanza zitaenda zenyewe. Ukifika kwenye "nilimwona", usiwasaidie. Waache waandike "j'ai le vu", kisha andika "je l'ai vu" na uchore mshale mmoja kutoka -li- hadi "ai", na mwingine kutoka -mw- hadi "l'", waone mishale inavyopishana.