Wakinga, baridi na duka: nani anamfundisha mtu biashara?

Mtaani Mbeya na Njombe, ukiuliza kwa nini Wakinga, kabila la wilaya ya Makete mkoani Njombe, wana maduka mengi, utapewa jibu moja kati ya mawili. La kwanza ni baridi: Makete ni milima mitupu, mtu asiposhuka kutafuta atalala njaa. La pili husemwa kwa kunong'ona: ndagu, yaani uchawi wa kutafuta utajiri. Hili la pili nalipita haraka. Anayelisema hajawahi kukaa dukani kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu usiku.

Hoja ya baridi ina uzito wake. Uwanda wa Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, uko takribani mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Msimu wa baridi umande huganda juu ya majani, na kinachostawi ni viazi, ngano na pareto. Mashamba yenyewe yamening'inia kwenye miteremko, na baba mwenye wana watano hana cha kuwagawia wote. Kijana anakua akijua kwamba siku moja ataondoka.

Ila baridi hiyo hiyo inawapiga Wawanji wa Matamba, wilaya hiyo hiyo ya Makete. Wabena wa Njombe nao wanaijua, na wengi wao wamewekeza kwenye miti na viazi. Tena mwaka 1976, wakati wa Operesheni Maduka, maduka binafsi ya vijijini yalifungwa ili kupisha ya vijiji. Baridi ilikuwepo. Milango ilifunguka biashara iliporuhusiwa katikati ya miaka ya 1980, na mji wa Makambako mkoani Njombe ulikuwa tayari na barabara kuu ya Zambia pamoja na reli ya TAZARA iliyokamilika 1975. Kwa hiyo tukisema mazingira, tuhesabu na lami na sera.

Kwangu mimi, kiini kiko kwenye malezi. Ingia duka la jumla pale Mwanjelwa, jijini Mbeya. Anayekupimia sukari anamwita mwenye duka baba mdogo au mjomba. Anakula kwake, analala stoo, na mwisho wa mwezi hapokei mshahara. Anajifunza nani akopeshwe na nani aambiwe "bosi hayupo". Baada ya miaka kadhaa anafunguliwa duka lake: anapewa mzigo, analipiwa pango, anaonyeshwa wauzaji wa Dar es Salaam. Benki gani ingempa mtaji huo kijana asiye na hati ya nyumba wala kiwanja? Dhamana yake ni jina la ukoo, ndiyo maana hautafuni mtaji hata akiwa peke yake dukani.

Upande wa pili unauma. Ahadi ile haina shahidi. Mwaka wa nne, duka likianza kuyumba, kijana anaweza kuambiwa ameiba na kupandishwa basi mikono mitupu. Aende wapi? Kumshtaki mjomba ni kujitoa kwenye ukoo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto chini ya miaka 14 na inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi, lakini nani amewahi kumwita mpwa wake mfanyakazi? Na wapo walioachishwa shule wasaidie dukani, wakaambiwa huko ndiko kusoma kwenyewe. Hapo uamuzi haukuwa wao, hata kama leo wanausimulia kwa fahari.

Bado nauona utaratibu huu una faida kuliko vijana kuzurura stendi ya Nane Nane wakisubiri kubeba mizigo. Ninachotaka ni karatasi moja mbele ya wazee wawili: umri wa kijana, miaka atakayokaa, na mzigo atakaopewa akiondoka. Wazee watasema kuandikishana ndugu kwa ndugu ni kutiliana shaka. Mbona daftari la madeni chini ya kaunta limejaa mashemeji, wajomba na hata mchungaji, na hakuna aliyenuna?