Tusiisingizie kipupwe

Julai ikiingia na upepo wa kusi ukashika, hapa Wete neno ni moja kila asubuhi watu wakitoka kusali alfajiri: "Gari haiwaki, baridi hii." Anayesema hivyo ataazima gari ya jirani, atakwenda Chake kununua betri mpya, na wiki mbili baadaye utamkuta pale pale, boneti liko juu, vijana wanamsukuma mteremkoni. Nalijua hilo kwa sababu yamenifika mwenyewe. Nilinunua betri mbili ndani ya miezi minne, na zote mbili sikuwa na haja nazo.

Nami sasa nasema wazi: baridi ya Pemba haiui betri. Usiku wa kipupwe kwetu ni nyuzi ishirini na kitu. Ile nguvu ya kuwashia inayoandikwa ubavuni mwa betri hupimwa katika nyuzi 18 chini ya sifuri, baridi ya maji kuwa jiwe. Kule Hokkaido watu huwasha magari yao theluji ikiwa imefunika matairi, na magari tunayoendesha sisi mengi yametumika huko huko Japani kabla ya kupakiwa melini. Kinachomaliza betri zetu ni joto. Ikikaa kwenye joto linalozidi nyuzi 25 kwa nyuzi kumi hivi, umri wake hupungua karibu nusu. Kwa hiyo betri huumia Januari na Februari, wakati wa kaskazi, sisi tukaja kuilaumu Julai.

Lakini yangu hata joto halikuwa limeiumiza. Kila asubuhi nikizungusha ufunguo nasikia "tak", taa za dashibodi zinafifia, basi. Saa saba mchana gari ile ile inawaka mara moja. Muuza betri aliniambia betri imekufa, na hakuchukua hata mita kuipima. Betri mpya ikawasha vizuri siku kadhaa, kisha mambo yakarudi. Nikauziwa nyingine.

Aliyenitoa gizani ni fundi mmoja mzee, umeme wa magari ndiyo kazi yake tangu ujana, na mie humwita ami. Hakugusa betri. Aliweka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, ya pili kwenye chuma cha injini, akaniambia, "Haya mwanangu, piga stata." Mita ikapanda mpaka volti 1.8. "Hapa haitakiwi ifike hata nusu volti," akasema. "Umeme wako unaliwa njiani."

Akafungua ule waya wa hasi unaofungwa kwenye injini. Kwa nje ulikuwa mzima, gamba lake jeusi halina hata mkwaruzo. Alipolichana kwa kisu, shaba ya ndani ilikuwa imegeuka kijani, na nyuzi zake zinapukutika kama unga ukizisugua kwa vidole. Ni chumvi ile. Gari yangu hulala upande wa bandarini, na upepo wa bahari hauchagui pa kuingia.

Ndipo nilipoelewa kwa nini ilikuwa asubuhi tu. Stata ya gari ndogo huvuta ampia 150 na zaidi kwa sekunde chache zile. Kikwazo cha sehemu moja tu ya mia ya omu kikikaa kwenye njia hiyo, tayari kimekula volti moja na nusu. Asubuhi oili ni nzito, injini ngumu kuzunguka, betri imelala usiku kucha bila chaji, na stata inadai umeme zaidi. Mchana injini ina joto na betri imetoka kuchajiwa, ugonjwa unajificha. Baridi ilinionyesha tu kilichokuwa kimeoza.

Basi kabla hujatoa pesa ya betri, anza na vya bure. Fungua vichwa vya betri kwa spana namba 10, hasi kwanza, na wakati wa kurudisha hasi iwe ya mwisho. Ukikuta ule unga mweupe au wa kijani, uoshe kwa maji ya moto, piga msasa mpaka chuma king'ae, funga, kisha paka grisi juu. Pima betri gari ikiwa imelala: volti 12.6 imejaa, 12 kamili inakaribia kwisha. Injini ikiwaka mita isome kama 14. Ikibaki 12 na kitu, huenda tatizo ni oltaneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka. Na kama gari yako ilitengenezewa oili ya 5W-30, usikubali kutiliwa 20W-50, iliyo nzito zaidi, eti kwa sababu gari ni kongwe. Asubuhi stata itaikokota.

Wenye gari za dizeli wana jambo lao jingine, hita plagi, zile zinazopasha injini joto kabla ya kuwaka. Moja ikifa kati ya nne, kaskazi yote hutajua. Kipupwe gari itatetemeka na kutoa moshi mweupe. Subiri ile taa ya koili izime ndipo upige stata.

Kinachoniuma si pesa yangu peke yake. Betri imejaa madini ya risasi na asidi, na tunayoitupa bure huweza kuishia nyuma ya nyumba, karibu na visima tunavyokunywa. Muuzaji ana mita dukani. Kupima ni dakika mbili. Mteja naye ana haki ya kusema, "Nipimie kwanza."

Waya mpya ulinigharimu pesa ndogo sana kuliko betri moja. Na ile betri ya zamani, niliyoambiwa imekufa, ami aliichaji usiku kucha ikafika 12.6. Iko kwenye gari ya shemeji yangu huko Mtambwe, na kipupwe hiki haijamsumbua hata siku moja.