Kwanini wafalme wapya wa China ya zamani walikuwa wanafyeka ukoo mzima?

Mwaka 559 mfalme Gao Yang wa Qi ya Kaskazini, ambaye miaka tisa nyuma alimpokonya kiti mfalme wa ukoo wa Yuan, alimuuliza Yuan mmoja aliyekuwa karibu naye: hivi Liu Xiu aliwezaje kurudisha utawala wa Han, ule wa ukoo wa Liu uliokuwa umepinduliwa? Jamaa akajibu, kwa sababu akina Liu hawakumalizwa wote. Bana, we ni Yuan, umekaa mbele ya mtu kama yule, ndo jibu gani hilo? Gao Yang akawafyeka akina Yuan, kumbukumbu zinataja watu 721, maiti zikatupwa mto Zhang mpaka watu wa mji mkuu wakawa wakipasua samaki wanakuta kucha za binadamu, samaki wakasuswa muda mrefu. Aliyejibu naye alifungiwa akafa kwa njaa.

Rahisi kusema ni ukatili tu tukamaliza. Shida ni kwamba jibu la yule bwana lilikuwa la kweli. Wang Mang alipoipokonya Han nchi mwaka 9 BK aliwaacha hai akina Liu kibao, mwaka 25 Liu Xiu akawa mfalme. Kabla yao, karne ya 11 KK, mfalme Wu wa ukoo wa Zhou aliupindua utawala wa Shang halafu akamwachia Wu Geng, mtoto wa mfalme aliyeshindwa, awatawale watu wake. Wu alipofariki tu Wu Geng akaasi. Lakini mfano unaonimaliza mimi ni wa Chu. Dola ya Qin iliuteka ufalme wa Chu mwaka 223 KK, miaka 15 baadae waasi waliopinga Qin wakamtafuta mjukuu wa mfalme wa zamani wakamkuta huko kijijini anachunga kondoo, wakamvika ufalme. Mchungaji! Hana jeshi, hana hela, ana jina tu. Na jina lilitosha, maana watu waliamini Mbingu ndo inatoa idhini ya kutawala na matambiko ya ukoo wa kifalme yana uzito wake, kwa hiyo mwenye jeshi asiye na jina anatafuta mwenye jina asiye na jeshi, wanaungana. Ndo maana hata mtoto mdogo aliuawa, sio kwa alichofanya bali kwa ambacho wengine wangekuja kukifanya kwa jina lake. Mtoto wa nyoka ni nyoka, walihesabu hivyo.

Ila msidhani ilikuwa desturi tangu mwanzo. Hao hao Zhou baada ya kuuzima uasi waliwapa ndugu wa Shang eneo la Song waendelee kuwatambikia mababu zao. Cao Pi alipoimaliza Han mwaka 220 mfalme aliyeng'olewa akapewa cheo cha chini, akaishi hadi 234. Aliyeharibu mchezo ni jenerali Liu Yu, alipewa kiti mwaka 420, mwaka uliofuata akamuua mfalme aliyemuachia. Ikawa fasheni. Zamu ya ukoo wake ilifika 479, mfalme mtoto Liu Zhun akalia akaomba asizaliwe tena kwenye nyumba ya kifalme, naye akauawa.

Sasa walipata faida gani? Ufalme wa Liu Yu ulidumu miaka 59, mwingi wake ndugu wanauana wenyewe. Gao Yang alikufa mwaka ule ule wa 559, mwaka uliofuata mwanae akang'olewa na baba yake mdogo, hakuna Yuan hata mmoja aliyehusika. Yang Jian, mwanzilishi wa utawala wa Sui, akawachinja akina Yuwen aliowapokonya kiti mwaka 581, mwanae akaja kuuawa na walinzi wake mwenyewe 618. Kikulacho ki nguoni mwako, na hawa walikuwa bize kupekua nguo za jirani.

Ndo maana namkubali Zhao Kuangyin, mwanzilishi wa utawala wa Song (sio lile eneo la Song la enzi za Zhou). Alikuwa jenerali aliyechukua kiti cha mtoto mwaka 960, akamwacha hai, ila majenerali wake mwenyewe akawakalisha kwenye pombe akawashawishi waachie majeshi wale pensheni. Alijua hatari inaingilia mlango gani maana na yeye alipitia huo huo. Song ikadumu mpaka 1279. Sisemi ni huruma ndo iliyowalinda, nasema damu ya ukoo wa zamani haikuhitajika.

Kesi inayonisumbua ni ya Qing, utawala uliofuata baada ya ule wa Ming. Ming ilianguka 1644, waasi wakaendelea kujiita kwa jina la mwana wa mfalme wa Ming miaka na miaka, hadi mwaka 1708 Kangxi, mfalme anayesifiwa kwa busara, akamkamata mwana halisi: mzee wa miaka sabini na kitu aliyejificha kwa jina la bandia akifundisha watoto. Hukumu yenyewe ilikiri mzee hakuwahi kuasi, ila eti huwezi kusema moyoni hakutaka. Wakamuua, na wanawe.