Tozo ya 6% imefutwa, pengo la Bodi ya Mikopo linazibwa na nani?

Mei Mosi 2021, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kufutwa kwa tozo ya 6% iliyokuwa ikitozwa kila mwaka kulinda thamani ya mikopo ya elimu ya juu. Faini ya 10% kwa waliochelewa kulipa nayo ikaondolewa mwaka huohuo.

Nafuu hiyo haikuwa ndogo. Tuseme mwalimu wa sekondari ana mshahara wa 700,000 na deni la milioni 10. Tangu sheria irekebishwe mwaka 2016, mwajiriwa hukatwa 15% ya mshahara wa msingi, kwa hiyo kila mwezi inaondoka 105,000. Sasa piga hesabu ya tozo: 6% ya milioni 10 ni 600,000 kwa mwaka, sawa na 50,000 kwa mwezi. Karibu nusu ya makato ilikuwa inaliwa na tozo. Na kama deni lilikuwa milioni 21, tozo ilimeza makato yote. Mtu anakatwa mwaka mzima, salio liko palepale. Huo haukuwa mkopo wa kumkomboa mtoto wa mkulima, ulikuwa mzigo wa maisha.

Hata hivyo, hoja ya waliotetea tozo ina uzito. Marejesho ya kaka ndiyo bumu, yaani fedha ya kujikimu chuoni, la mdogo wake. Kwa mfumuko wa bei wa 4% kwa mwaka, milioni 10 ikirudi baada ya miaka 10 inanunua vitu vya kama milioni 6.8 tu. Wakati huohuo posho ya chakula na malazi imepanda kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na ilistahili kupanda, maana mwanafunzi aliyepanga chumba nje ya chuo anajua 8,500 ilikuwa inaishia wapi. Bodi inapokea fedha iliyochakaa na kutoa fedha mpya. Pengo hilo lazima lizibwe na bajeti ya serikali.

Na wanafunzi wanazidi kuongezeka. Watoto walioanza darasa la kwanza mwaka 2016, elimu bila malipo ilipoanza, watamaliza kidato cha sita mwaka 2029. Ada ya kidato cha tano na sita nayo imeshafutwa.

Mimi nasimama na uamuzi wa 2021. Tozo ilimwadhibu zaidi mwenye mshahara mdogo, kwa sababu ndiye anayechelewa kumaliza deni. Ila pengo lisiachwe lizibwe kimyakimya kwa kumpunguzia mkopo kijana wa mwaka wa kwanza. Serikali itenge fedha hiyo waziwazi, kila bajeti.

Tatizo jingine liko mtaani. Makato ya 15% yanamnasa aliye kwenye ajira rasmi, huku wahitimu wengi wakijiajiri kwa kufuga kuku, kuuza nguo mtandaoni au kuendesha bodaboda. Sheria inamtaka aliyejiajiri alipe kiasi kisichopungua 100,000 kwa mwezi. Kijana anayeanza genge hana 100,000 ya ziada, kwa hiyo halipi kabisa. Akiruhusiwa kuanza na 20,000 kwa simu, na kiwango kikapanda kadiri biashara inavyokua, mfuko wa mikopo utapata kitu kutoka kwa watu ambao leo haupati kwao hata senti, na mwalimu yule hatabaki kuubeba peke yake.