Tundu dogo si operesheni ndogo

Matangazo ya upasuaji wa nyonga siku hizi yanaanza na kovu. Matundu mawili matatu, sentimita moja kila moja, asubuhi unaingia na jioni unarudi nyumbani. Teknolojia yenyewe naikubali. Kinachonikera ni mgonjwa kuuziwa udogo wa kidonda wakati ugonjwa wake uko ndani ya kiungo, mahali ambapo ukubwa wa kovu haubadilishi chochote.

Chukua athroskopia, yaani kuingiza kamera na vifaa vyembamba ndani ya nyonga. Mwaka 1931 daktari Michael Burman wa New York alijaribu darubini nyembamba ya kuchungulia kwenye viungo mbalimbali vya maiti, na alipofika kwenye nyonga alikwama: hakuona njia ya kupenya kati ya kichwa cha mfupa wa paja na kikombe chake. Madaktari waliokuja baadaye walipata njia kwa kuuvuta mguu. Mgonjwa akishalala kwa nusu kaputi, mguu wake unafungwa kwenye kiatu maalumu cha meza ya upasuaji na kuvutwa, huku eksirei ikionyesha mpaka mfupa uachane na kikombe kwa karibu sentimita moja. Katika upenyo huo ndimo kazi yote inamofanyika. Mguu ukivutwa muda mrefu, mishipa ya fahamu inaumia, ndiyo maana wapasuaji wengi hujitahidi wasizidishe saa mbili. Wapo wanaoamka na ganzi sehemu za siri au mguuni, ingawa mara nyingi huisha yenyewe. Hilo kwenye tangazo hulikuti.

Kazi kubwa inayofanywa humo ni kuondoa msuguano wa mifupa ambao Reinhold Ganz na wenzake wa Bern waliueleza kwa kina mwaka 2003. Mfupa unakuwa na kinundu, au kikombe kimefunika kupita kiasi. Kila ukikunja paja vinagongana, na ukingo wa gegedu, yaani mfupa laini, unaozunguka kikombe unachanika. Ukingo huo unafanya kazi kama mpira wa mfuniko wa sufuria ya presha, unabana ili majimaji ya kiungo yasitoroke. Mpasuaji anakwangua kinundu na kuushona ukingo. Mwenye tatizo hili ukimuuliza panapouma, mara nyingi huikumbatia nyonga kwa kiganja, kidole gumba nyuma na vingine mbele kwenye kinena. Anayeonyesha kalio peke yake, mgongo wake ukaguliwe kwanza.

Na picha ya MRI isikutishe. Kuna utafiti uliopiga picha watu 45 wasio na maumivu yoyote ya nyonga, na asilimia 69 walikutwa na mchaniko kwenye ukingo huo. Kwa hiyo mchaniko peke yake si tiketi ya kwenda chumba cha upasuaji. Mwaka 2018 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya wagonjwa 348 wa msuguano huo, wengine wakiwa wamepangiwa athroskopia na wengine mazoezi ya tiba yaliyosimamiwa vizuri. Baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu, waliopangiwa upasuaji wakiwa mbele kwa takriban alama 7 kati ya 100 kwenye kipimo cha maisha na nyonga inayouma. Ni faida, lakini si muujiza. Mimi ningeanza na mazoezi, tena ya kweli, si karatasi yenye michoro unayopewa mlangoni.

Gegedu inayofunika mifupa ndani ya kiungo ikiwa imeshalika, achana kabisa na kamera. Nafasi ya kiungo kwenye eksirei ikishuka chini ya milimita 2, uwezekano wa kuishia kwenye nyonga ya bandia unapanda sana. Huko nako kuna mkato mfupi, hasa wa mbele, unaopita kati ya misuli badala ya kuikata. Wiki za kwanza mgonjwa hutembea mapema zaidi, kisha miezi inavyokwenda tofauti inayeyuka. Swali la kumuuliza mpasuaji ni nyonga ngapi anabadilisha kwa mwaka kwa njia hiyo, kwa kuwa anayejifunza njia mpya huwa na matatizo mengi zaidi mwanzoni.

Kuna mahali pamoja tu ambapo sitamshauri mtu asubiri: mfupa unaokufa kwa kukosa damu. Huwapata sana wenye selimundu, waliotumia steroidi nyingi na wanywaji wa kupindukia. Tundu linalotobolewa hadi kwenye kichwa cha mfupa hupunguza shinikizo, na linaweza kukiokoa kikiwa bado mviringo. Mtu wa kundi hilo akiumwa kinena na eksirei ikatoka safi, asirudishwe nyumbani na vidonge vya maumivu. Aombe MRI, maana eksirei huchelewa kuuona ugonjwa huu. Kichwa kikishabonyea, kutoboa hakusaidii tena, na wengi hubakiwa na njia moja tu, nyonga ya bandia, hata kama wana miaka 25.