Dawa za Presha za Mama Mdogo

Mama mdogo ana bahasha ya khaki anayoifunga kwenye pindo la kanga. Juu yake imeandikwa kwa kalamu ya bluu: 1x1 usiku. Majirani zake kule Kibosho wanajua ni dawa za presha. Si za presha. Ni za sonona, ule ugonjwa wa akili wa huzuni nzito isiyoisha, na huu ni mwaka wa tatu anazimeza.

Kila mwezi anashuka Moshi mjini kuzifuata. Mvua za Aprili zikishika, Noah hazifiki kwake, basi anakata migombani, kandambili mkononi, mpaka barabarani. Mwaka jana nilimsindikiza. Tulipokaribia dirisha la dawa, aliyekuwa ndani akapaza sauti: "Wale wa akili wasogee huku!" Benchi zima likageuka kutazama. Mama mdogo hakusogea. Alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba mpaka watu walipopungua, na tukarudi Kibosho giza limeshaingia. Jina la hospitali silitaji, angalau pale dawa tunazipata.

Presha yenyewe, ile ya kweli, inapimwa zahanati ya kijijini kwao, mwendo wa dakika kumi kwa mguu. Mwenye presha tulishamhurumia, hatumsafirishi kila mwezi. Mgonjwa wa akili ndiye bado tunamtaka apande gari.

Ninachokidai kwa halmashauri zetu za Kilimanjaro ni hicho tu: dawa za akili zishuke zahanati, na pale pawe na mtu aliyefundishwa kumsikiliza mgonjwa. Sidai jengo jipya. (Majengo tunayapenda sana, kwa sababu utepe unakatika vizuri mbele yake.)

Watu wa kuanza nao wapo. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294, wawili kwa kila mtaa na kitongoji, mmoja mwanamke na mmoja mwanamume. Wanafundishwa miezi sita. Katika miezi hiyo sita, maswali ya usingizi, hamu ya kula na mawazo mazito yapewe uzito uleule wa chandarua na kliniki ya mama na mtoto.

Atakayesema kazi hii inataka madaktari bingwa pekee aitazame Zimbabwe. Tangu 2006, Daktari Dixon Chibanda, bingwa wa magonjwa ya akili, amewafundisha mabibi wa mitaa ya Harare kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuzungumza na watu waliolemewa. Wenyewe hawataji sonona. Wanasema "kufungisisa", yaani kuwaza kupita kiasi. Sisi tungesema fulani ana mawazo. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliopita kwenye benchi walikuwa na nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mabibi wenye masikio hata Kibosho tunao, tena wa kumwaga.

Kuna kikwazo kingine ambacho zahanati haiwezi kukiondoa. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa ametenda kosa. Sasa nani atamfungulia mhudumu wa kitongoji, ambaye pia ni jirani, moyo wake wote, wakati anachokiungama kinaweza kumfikisha polisi? Kenya, Mahakama Kuu yao ilishatamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinakiuka katiba. Wabunge wetu wa huku, Desemba wakipanda migombani kula Krismasi, waulizwe wao wanasubiri nini.

Mwezi uliopita mhudumu alipita kwa mama mdogo. Binti mpole, begi mgongoni, daftari mkononi. Akauliza habari za choo, maji ya kunywa na chandarua. Kisha akauliza: "Shikamoo tena mama, kuna dawa zozote unazotumia?"

Mama mdogo akafungua pindo la kanga, akamwonyesha bahasha kwa mbali.

"Za presha tu, mwanangu."

Binti akaandika: presha. Akashukuru, akaenda nyumba ya pili.