Wanafunzi wa Charles Drew

Charles Drew, daktari Mweusi wa upasuaji wa Marekani, akitajwa, wengi hukumbuka damu. Tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Columbia, mwaka 1940, ilihusu uhifadhi wa damu, na mwaka huohuo alisimamia mpango wa kukusanya plazima (sehemu ya majimaji ya damu) New York na kuipeleka Uingereza, ambako miji ilikuwa ikipigwa mabomu ya Wajerumani. Simpunguzii sifa hiyo. Hata hivyo, kwa maoni yangu kazi yake kubwa zaidi ilianza mwaka 1941, alipoiacha benki ya damu ya Msalaba Mwekundu na kurudi Washington kuongoza idara ya upasuaji ya Chuo Kikuu cha Howard.

Wakati ule daktari Mweusi wa Marekani aliyetaka ubingwa wa upasuaji alifungiwa milango ya hospitali nyingi za kufundishia, na hata akishafuzu, vyama vingi vya madaktari vya mahali alipo, ambavyo ndivyo vilivyokuwa njia ya kuingia katika Chama cha Madaktari cha Marekani, havikumpokea. Drew mwenyewe, pamoja na umaarufu wake wote, alibaki nje, na mwaka 1947 alikiandikia chama hicho barua kali. Barua zilistahili kuandikwa, lakini hoja nzito zaidi aliijenga wodini na katika chumba cha upasuaji cha Freedmen's, hospitali ya kufundishia ya Howard. Mwaka 1948 kundi lake la kwanza la madaktari waliokuwa wakisomea ubingwa lilifanya mtihani wa Bodi ya Upasuaji ya Marekani. Wote walifaulu, na wawili kati yao wakapata alama za juu kuliko watahiniwa wote.

Alifariki tarehe 1 Aprili 1950 kwa ajali ya gari North Carolina, akielekea kliniki ya Tuskegee pamoja na madaktari wenzake. Uvumi kwamba alinyimwa damu kwa sababu ya rangi yake ulikanushwa na daktari aliyekuwa naye garini, lakini bado unasimuliwa, pengine kwa kuwa watu hupenda kisa kilichokamilika. Nami unaniudhi, kwani unamrudisha kwenye chupa ya damu na kumwondoa darasani.

LaSalle Leffall alisomea udaktari Howard wakati Drew akifundisha huko. Mwaka 1970 alikabidhiwa idara ileile ya upasuaji, akaiongoza kwa miaka 25, na mwaka 1995 akawa Mweusi wa kwanza kuwa rais wa Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Marekani, yaani jumuiya ya kitaaluma ya madaktari hao.